Je, mageuko ya binadamu yanaeleza kwa nini vidonge vya uzazi wa mpango husahaulika?

Katika kazi yangu ya ushauri wa uzazi wa mpango naulizwa mara kwa mara swali lenye mvuto wake: mwanamke aliyeamua kwa akili timamu kutoshika mimba anaporuka vidonge siku mbili tatu, je, si mwili wake, uliofinyangwa na mageuko ya maelfu ya vizazi, unaomtafutia mtoto asiyemtaka? Saikolojia ya mageuko naiheshimu, lakini hapa inabebeshwa mzigo usio wake.

Uteuzi asilia, yaani mchujo unaofanya sifa zinazosaidia kuzaa zirithiwe zaidi, haukulazimika kumpa binadamu nia ya kuzaa. Ilitosha kumpa hamu ya kujamiiana na mapenzi kwa mtoto akishazaliwa, kwa kuwa la kwanza lilizaa la pili. Kidonge cha kuzuia mimba kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960, muda mfupi mno kwa silika ya kukikwepa kujengeka. Kwa kondomu nakubali kwamba nadharia ina nguvu, maana hapo uamuzi unafanyika katikati ya ashiki, na hamu ya sasa huishinda hofu ya jambo litakaloonekana baada ya miezi.

Watetezi wa nadharia hiyo hutaja pia utafiti wa mwaka 2004, uliowafuatilia wanawake wenye kitanzi au waliofunga kizazi na kukuta tendo la ndoa likiongezeka kwa takriban asilimia 24 katika siku sita za rutuba. Matokeo hayo nayapokea. Ila yanahusu hamu, si usahaulifu, na mwanamke anayemeza vidonge vyenye homoni mbili barabara hana yai linalopevuka, kwa hiyo wimbi hilo haliwezi kuwa ndilo lililomsahaulisha kidonge cha kwanza.

Mama mmoja aliyeshika mimba bila kutarajia aliwahi kunitolea mkobani pakiti mbili za vidonge ishirini na kimoja. Ya kwanza ilikuwa imekwisha yote, bila kidonge hata kimoja kurukwa. Ya pili aliianza siku tatu baada ya siku yake, kwa sababu alikuwa safarini na pakiti ilibaki nyumbani. Siku saba za mapumziko, zisizo na kidonge, kati ya pakiti na pakiti zikawa kumi, na ovari, ambayo huanza kuamka katika siku hizo, ikapata nafasi. Wengi hudhani hatari iko katikati ya pakiti, kumbe mara nyingi iko kwenye kiungo cha pakiti mbili.

Watu husahau pia vidonge vya shinikizo la damu, ambavyo kuviacha hakumwongezei mtu uzao wowote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ipasavyo. Na katika utafiti mkubwa wa St. Louis, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ambapo njia zilitolewa bure, waliotumia vidonge, kiraka au pete walishika mimba zisizotarajiwa kwa kiwango cha mara ishirini hivi kuliko waliotumia kitanzi au kijiti. Mageuko yaliyowaunda ni yale yale; kilichotofautiana zaidi ni kiasi ambacho njia inategemea kumbukumbu.

Kinachonisumbua ni kwamba jibu la mageuko hufunga mazungumzo mahali yanapopaswa kuanza. Wako wanaoruka vidonge kwa sababu hedhi imevurugika na wanaogopa kusema, wako ambao mume anataka mtoto, na wako ambao wenyewe wanamtaka nusu nusu, jambo ambalo si aibu. Yule mama nilipomuuliza pakiti hukaa wapi, alijibu: kabatini, chini ya nguo, asiione mtu. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kwa kweli, na saa nzima ilipita kabla hatujafika kwenye kijiti.