Je, wajua? Maaskofu wasiooa walirithishanaje utawala wa Montenegro?

Askofu wa Kiorthodoksi haoi. Padri wa kawaida anaweza kuwa na mke, mradi amwoe kabla ya kupewa upadri, ila maaskofu hutoka kwa watawa. Ilikuwaje basi ukoo mmoja, Petrović-Njegoš, ukashika uaskofu na utawala wa Montenegro kuanzia 1697 hadi katikati ya karne ya 19?

Cheo kilitoka kwa ami kwenda kwa mtoto wa kaka yake, au kwa ndugu mwingine wa ukoo. Danilo, wa kwanza wao, ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo. Baada ya Sava, askofu wa ukoo huo, kufa 1781 kiti kiliponyoka kwa muda mfupi, kisha kikarudi nyumbani.

Lakini kwa nini watu wa milimani wakubali kutawaliwa na askofu? Waosmani walidai nchi ni yao, mfalme hapakuwa, na koo zenyewe zilikuwa zikiuana kwa visasi vya damu. Askofu wa Cetinje, mji wenye makao ya uaskofu huo, alikuwa miongoni mwa wachache waliosikilizwa na koo zote. Hakuwa na polisi wala hazina ya maana. Alikuwa na laana. Askofu Petar wa Kwanza, wa ukoo huohuo, aliwaandikia wagomvi barua akiwasihi wapatane, na aliyekaidi akalaaniwa. Usidhani alikuwa mpole wa sala tu: mwaka 1796 aliongoza vita vya Krusi, ambako Kara Mahmud Pasha, mtawala wa Shkodër (Albania ya leo), alikatwa kichwa.

Alipokufa 1830 alimwachia nafasi kijana wa karibu miaka 17, mtoto wa kaka yake, ambaye hata utawa alikuwa hajauingia. Akavikwa kanzu harakaharaka. Huyo ndiye Petar wa Pili, aliyeanza kukusanya kodi na kuunda baraza la seneti, na ambaye leo anakumbukwa zaidi kwa ushairi.

Mrithi wake, Danilo mwingine, aliikataa kanzu. Mwaka 1852, kwa idhini ya mfalme wa Urusi, alijitangaza knjaz, yaani mtawala wa kidunia asiye askofu, na 1855 akaoa. Aliuawa Kotor 1860 bila kuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo kiti kikamwendea tena mtoto wa kaka, Nikola. Huyu alizaa watoto 12, akamwoza binti yake Jelena kwa mfalme mtarajiwa wa Italia, akajipandisha kuwa mfalme 1910, na 1918 akaondolewa madarakani akiwa uhamishoni.