Kupima upepo wa jangwani kwa droni: maana yake

Aliyefika Olduvai, kule Ngorongoro, huenda alipelekwa kuuona Mchanga Unaohama: tuta jeusi la majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, limejipinda kama hilali, nalo husogea kama mita 17 kwa mwaka. Vibao vimesimikwa kuonyesha lilikuwa wapi miaka iliyopita. Vinakwambia tuta limetembea kiasi gani. Upepo ulilisukumaje, havisemi, na hapo ndipo droni inapotakiwa.

Vifaa vya siku zote ni viwili. Mlingoti wenye kipimaupepo, kwa kawaida kwenye kimo cha mita 10, hupima pale uliposimikwa tu. Puto la hali ya hewa hupanda kilomita nyingi, ila hewa ya chini huipita upesi, na likishakwenda limekwenda. Droni hupanda mita 100, ikatulia, ikashuka, ikarudia tena juu ya tuta lilelile.

Inapimaje? Njia moja ni rahisi mpaka inachekesha. Droni ya mapanga manne, ili isipeperushwe, huinamia kule upepo unakotoka, kama mtu anayetembea ufukweni kusi ikivuma. Upepo ukizidi, nayo huzidi kuinama. Kompyuta yake inajua imeinama nyuzi ngapi, basi kasi ya upepo hukokotolewa kutoka hapo. Nyingine hubeba kipimaupepo kwenye kijiti kilichoinuliwa juu ya mapanga, la sivyo kingepima upepo wa mapanga yenyewe. Ikibeba na kipimajoto, nacho lazima kikingwe na jua.

Umuhimu wa hewa hiyo ya chini unaonekana White Sands, jimbo la New Mexico, Marekani, kwenye matuta meupe ya jasi. Usiku ardhi hupoa haraka, hewa baridi ikalala juu ya mchanga kama blanketi, na upepo wenye nguvu ukateleza juu yake bila kugusa chini. Jua likipanda, hewa ya chini hupata moto, huchanganyika na ya juu, na ule upepo hushushwa. Ndiyo maana mchanga huruka zaidi mchana. Mlingoti mfupi utakuonyesha usiku umetulia, kumbe juu kidogo kunavuma.

Droni hupiga picha pia. Picha zinazopandiana hutengeneza ramani ya vimo. Ukirusha tena baada ya miezi kadhaa na kulinganisha, unaona upande gani umeliwa na upande gani umejazwa.

Kazi yenyewe ina karaha zake. Betri ya droni ndogo hudumu kama nusu saa, na vumbi huingia kwenye mota. Tena, upepo unaohamisha mchanga ndio uleule ambao rubani angependa droni yake ibaki kwenye begi. Kwa hiyo mlingoti bado haujang'olewa.