Afya ya rubani: nani anaipima, nani anaamua? Maswali na majibu

Anayepanda ndege ameikabidhi roho yake kwa watu asiowaona: rubani aliye nyuma ya mlango uliofungwa, mwongoza ndege aliye mnarani, na daktari aliyesema kwamba wawili hao wana afya ya kufanya kazi hiyo. Huyo wa tatu hatajwi sana. Maswali yaliyo hapa huulizwa na vijana wanaotamani urubani, na wazazi wao, na abiria wa kawaida. Nimeyajibu kwa kufuata jinsi usalama wa anga ulivyopangwa katika Afrika Mashariki, kwa sababu ukishajua nani anakaa wapi katika mpango huo, masuala ya afya yanaeleweka kwa urahisi zaidi.

Wakala wa usalama wa anga unahusikaje na afya ya mtu?

Unahusika tangu siku ya kwanza. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 na ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, una ibara ya 14 inayozitaka nchi zizuie ndege zisisambaze magonjwa kama kipindupindu, ndui, homa ya manjano na tauni. Na Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo, kinachohusu leseni, kina sura nzima inayoeleza moyo, macho, masikio, mapafu na akili za rubani na za mwongoza ndege ziweje. Mtu ni sehemu ya ndege kama ilivyo injini, na hukaguliwa kwa ratiba kama injini.

Katika Afrika Mashariki wakala huo ni upi, na umepangwaje?

Ni CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaoshughulikia usalama na ulinzi wa usafiri wa anga. Ulianzishwa kwa itifaki iliyotiwa saini tarehe 18 Aprili 2007, na makao yake makuu yako Entebbe, Uganda. Juu kabisa liko Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Chini yake iko Bodi, ambamo wamo wakuu wa mamlaka za anga za nchi wanachama. Kisha yuko Mkurugenzi Mtendaji pamoja na wataalamu wake wa leseni, wa uendeshaji wa ndege, wa ubora wa ndege zenyewe, wa viwanja na wa ulinzi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. CASSOA haikupi leseni wala cheti cha afya. Hivyo hutolewa na mamlaka ya nchi: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na kadhalika katika nchi nyingine. Kazi ya wakala wa kanda ni kuandaa kanuni zinazofanana, kutunga miongozo ya wakaguzi, na kuzisaidia nchi kupata wataalamu ambao kila moja peke yake isingewamudu. Kwa hiyo ukinyimwa cheti cha afya Dar es Salaam, usipande basi kwenda Entebbe. Aliyekunyima yuko hapo hapo nchini, na rufaa yako huanzia kwake.

Kwa nini kila nchi isijitegemee?

Kwa sababu daktari anayeijua tiba ya anga ni adimu. Daktari bingwa wa moyo tunaye. Mwulize kama mgonjwa wake aliyezibuliwa mshipa wa moyo anaweza kurudi kazini, naye atakujibu vizuri kabisa kuhusu mwalimu au mwenye duka. Lakini rubani hufanya kazi mahali ambapo hewa ya ndani ya ndege hulingana na ile ya mlima wa karibu mita 2,400 kwenda juu, hivyo oksijeni inayoingia katika damu ni pungufu kuliko pwani. Hulala usiku huu mji mmoja na kesho mwingine. Akizidiwa, hawezi kuegesha pembeni mwa barabara. Kupima hatari ya moyo ule katika kiti kile kunahitaji mtu anayeijua hospitali na pia anakijua chumba cha marubani, na watu wa namna hiyo ni wachache hata katika nchi tajiri. Kuwatumia kwa pamoja ni busara.

Sababu ya pili ni mipaka. Kanuni zikitofautiana, rubani aliyekataliwa nchi hii atavuka kwenda nchi jirani, apimwe kwa kipimo kilegevu, kisha arudi akiwa na karatasi halali na ugonjwa ule ule. Kanuni zinazofanana huuziba mlango huo. Kwa maoni yangu, kwa upande wa afya hili pekee linatosha kuhalalisha kuwepo kwa wakala wa kanda.

Daktari aliyenipima ndiye anayeamua kama nafaa?

Siye peke yake. Kwa utaratibu wa ICAO kazi hizi zimegawanywa makusudi. Daktari mpimaji, aliyeteuliwa na mamlaka baada ya kusomea tiba ya anga, ndiye anayekuona: anakupima shinikizo la damu, macho, masikio, mkojo, umeme wa moyo, na kukuuliza habari zako. Anaandika ripoti na kuitia saini. Ripoti huenda kwenye mamlaka, ambako yuko daktari mwingine, mtathmini, ambaye huenda hajawahi kukuona. Mtathmini husoma, hulinganisha na kanuni, na akiona jambo lisiloeleweka huomba vipimo zaidi au rai ya mabingwa. Hata pale ambapo mamlaka imemruhusu mpimaji kutoa cheti mwenyewe, ripoti yake bado hupitiwa na mtathmini.

Wapo wanaouona mpango huu kuwa urasimu. Mimi nauona kuwa ulinzi kwa pande zote mbili. Mpimaji anaweza kukuhurumia: amekufahamu miaka kumi, anawajua watoto wako, anajua una mkopo wa nyumba. Mtathmini anaiona ripoti tu. Na kinyume chake, kama mpimaji ana chuki au hofu iliyopitiliza, karatasi zitamuumbua.

Siri yako pia ina nafasi katika mpango huu. Kanuni zinataka kumbukumbu za afya zihifadhiwe mahali salama na zisomwe na walioruhusiwa tu. Maofisa wengine huelezwa kile tu ambacho mtathmini ameona ni lazima wakijue. Mwajiri wako anapaswa kujua kama unafaa au hufai. Jina la ugonjwa si haki yake.

Cheti cha afya hudumu muda gani?

Yako madaraja matatu. La kwanza ni la marubani wa biashara: miezi 12, na hushuka hadi miezi 6 kwa aliyepita miaka 60, au aliyepita 40 akiwa anabeba abiria kibiashara peke yake bila rubani mwenza. La pili ni la rubani binafsi: miezi 60, kisha 24 baada ya miaka 40 ya umri, kisha 12 baada ya 50. La tatu ni la waongoza ndege: miezi 48, halafu 24, halafu 12 kwa umri huo huo. Hivi ni viwango vya ICAO. Nchi inaweza kuvikaza zaidi, kwa hiyo soma kanuni za kwako.

Ni magonjwa gani humzuia mtu kuwa rubani?

Watu hutarajia orodha, lakini mtathmini hujiuliza swali moja kabla ya yote: je, mtu huyu anaweza kuzidiwa ghafla akiwa angani? Mamlaka nyingi hutumia kipimo kinachoitwa kanuni ya asilimia 1. Kwa ndege yenye marubani wawili, uwezekano wa mmoja wao kuzidiwa na ugonjwa ghafla usizidi asilimia 1 kwa mwaka. Ukilishika swali hilo, maamuzi mengi yanayoonekana ya ajabu yanaeleweka.

Kwa nini kisukari kinachohitaji sindano za insulini humweka mtu nje katika viwango vya ICAO, ilhali kile kinachotulizwa kwa chakula au baadhi ya vidonge kinaweza kuruhusiwa? Kwa sababu insulini inaweza kuishusha sukari ya damu ghafla, na sukari ikishuka, akili huchanganyikiwa kabla mwenyewe hajatambua. Kwa nini kifafa hukataliwa? Kwa sababu hakipigi hodi. Hata mawe kwenye figo hutazamwa kwa makini. Hayaui haraka, lakini maumivu yake humkunja mtu mara mbili, na rubani aliyejikunja hawezi kutua.

Kwa upande mwingine, miwani haimzuii mtu. Kinachotakiwa kwa daraja la kwanza ni kila jicho lione 6/9 au zaidi (yaani lione kutoka mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukiona kutoka mita 9), kwa miwani au bila, na macho yote mawili kwa pamoja yaone 6/6. Upofu wa rangi ni suala zito zaidi, kwa kuwa taa za uwanjani na za ndege huzungumza kwa rangi. Anayeshindwa kipimo cha kwanza, cha kusoma namba zilizofichwa kati ya nukta za rangi kitabuni, hupewa vipimo vingine kabla ya uamuzi.

Na VVU? Hili naliandika kwa herufi nzito moyoni, kwa kuwa vijana wameacha ndoto zao kwa kuambiwa uongo. Kuwa na VVU hakumfungii mtu mlango moja kwa moja. Kiwango cha ICAO kinataka achunguzwe na kutathminiwa kikamilifu, na akionekana hali yake haielekei kuathiri kazi yake, anaweza kupewa cheti na kuendelea kufuatiliwa. Kwa maneno ya kliniki: anayetumia dawa vizuri, na virusi vimefubaa, ana la kusema mbele ya mtathmini.

Rubani akificha ugonjwa, itakuwaje?

Tarehe 24 Machi 2015 ndege ya Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf iligonga mlima nchini Ufaransa. Walikufa wote 150. Uchunguzi wa Ufaransa ulionyesha kuwa rubani msaidizi ndiye aliyeielekeza chini kwa makusudi, baada ya kumfungia nje mwenzake. Alikuwa na ugonjwa wa akili. Madaktari wake binafsi walijua anaumwa, lakini mamlaka ya anga haikuambiwa, wala yeye hakusema. Wachunguzi walitaja wazi hofu ya kupoteza kazi na kipato kuwa miongoni mwa sababu za ukimya huo.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba vipimo vilikuwepo, fomu zilikuwepo na madaktari walikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya mtu kusema naumwa bila kuona maisha yake yanaporomoka. Ulaya baadaye iliweka sharti la tathmini ya kisaikolojia kabla rubani hajaanza kazi katika shirika, na mpango wa marubani kusaidiana wao kwa wao, unaotumika tangu 2021.

Kwa hiyo, jibu la swali lina pande mbili. Kisheria, mwenye leseni anayejua kuwa afya yake imepungua haruhusiwi kuitumia leseni hiyo, hata kama cheti bado hakijaisha muda. Na anayedanganya kwenye fomu anahatarisha leseni yenyewe. Kibinadamu, sonona inatibika. Anayetumia dawa za sonona kwa kawaida haruhusiwi kurusha ndege, lakini mtathmini mwenye uzoefu wa hali hizo anaweza kumruhusu baada ya kumchunguza. Rubani anayesema mapema ana nafasi ya kurudi. Mashirika na mamlaka zetu zinapaswa kulionyesha hilo kwa vitendo, kwa sababu tangazo ukutani halimwondolei mtu hofu.

Rubani mjamzito anaruhusiwa kuruka?

Mimba isiyo na matatizo, baada ya kutathminiwa: kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Mwongoza ndege anaweza kuendelea hadi mwisho wa wiki ya 34, mradi awepo wa kumpokea kazi akijisikia vibaya.

Abiria akionekana ana ugonjwa wa kuambukiza angani, nani anaambiwa?

Rubani humwarifu mwongoza ndege mara moja: jina la safari, alikotoka, anakokwenda, saa ya kufika, idadi ya walio ndani, idadi ya wanaoshukiwa kuumwa, na aina ya hatari kama inajulikana. Mwongoza ndege huupeleka ujumbe kule ndege inakokwenda, nako uwanja huwaita maafisa wa afya wa mpakani. Hao wako chini ya wizara ya afya na hufuata Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Kiungo kati ya taasisi hizi mbili, ya anga na ya afya, ndicho hukatika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hufanyiwa mazoezi kabla ya dharura. ICAO ina mpango wa ushirikiano kwa ajili hiyo, CAPSCA, ulioanza 2006 baada ya SARS, ugonjwa wa kuambukiza wa mapafu, kuishtua dunia. Rwanda ilipopata Marburg Septemba 2024, kila nchi jirani ilikumbushwa kwa nini kiungo hicho kinatakiwa kuwa imara.

Na kwa kuwa wengi huuliza: kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote. Usikubali kuchanjwa upya kwa sababu tu imepita miaka kumi.

Mimi ni rubani mwanafunzi. Nina mafua na nimemeza kidonge cha dukani. Kesho nina zamu ya kuruka. Nifanyeje?

Usiruke. Pua ikiziba, na mrija unaounganisha koo na sikio huziba pia. Ndege ikishuka, shinikizo la nje hupanda huku la ndani ya sikio likibaki lilivyo. Maumivu yake ni makali, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka wakati ule ule unapotakiwa kutua. Kidonge nacho, vingi vya mafua huleta usingizi unaodumu hata baada ya pua kufunguka. Mpigie simu daktari mpimaji wako, mtajie jina la dawa na saa uliyoimeza, naye atakuambia usubiri hadi lini. Mwalimu wako mwambie leo jioni, apate muda wa kuipanga upya zamu.