Ukuta wa Kansas City na bei ya mtu wa sita

Timu ya futiboli ya Marekani ikitolewa huku kwotabeki wake, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akikimbizwa mchezo mzima, kesho yake mashabiki huwa wameshaamua: ukuta wa mbele uvunjwe, ujengwe upya. Mara nyingine wana haki. Mara nyingi wanadai kununuliwa kitu ambacho hakikuharibika, na kilichoharibika hawakukiona, kwa sababu kamera ya televisheni hufuata mpira na wazuiaji watano hutoka kwenye picha mara tu mpira unapoanza kuchezwa.

Tuelewane majina. Katikati yupo senta, anayepitisha mpira kati ya miguu yake kwenda nyuma. Kila ubavu wake ana gadi, na nje ya kila gadi kuna mzuiaji wa pembeni. Wa pembeni kushoto ndiye anayelinda mgongo wa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, na ndiyo maana nafasi yake ni ghali. Hao watano ndio ukuta. Wanaowajia kutoka upande wa pili nitawaita wavamizi.

Namba ambayo kila mtu huikimbilia ni mara ngapi kwotabeki aliangushwa akiwa na mpira mkononi. Ni namba mbovu ya kuamulia matumizi ya fedha. Chukua Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, ya Februari 2021: Kansas City Chiefs walifungwa 31-9 na Tampa Bay Buccaneers, hawakupata tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) hata moja, na kwotabeki wao Patrick Mahomes aliangushwa mara 3 tu. Ukiishia hapo utasema ukuta ulijitahidi. Lakini alibanwa, yaani wavamizi walimkaribia na kumharakisha, mara 29, rekodi ya Super Bowl wakati ule, na vipimo vya ligi vilionyesha kwamba alikimbia karibu yadi 500 huku na kule kabla ya kurusha au kuangushwa. Hakuanguka kwa kuwa ana miguu myepesi. Kwotabeki mzito angeangushwa mara nane au zaidi nyuma ya ukuta uleule.

Na kinyume chake kipo. Kwotabeki kijana Caleb Williams wa Chicago Bears aliangushwa mara 68 msimu wa 2024, karibu sana na rekodi ya David Carr wa Houston Texans, mara 76 mwaka 2002. Ukuta wa Bears ulikuwa dhaifu, sibishi, lakini sehemu ya hizo 68 zilitoka kwa kijana mwenyewe kukaa na mpira akisubiri mpokeaji ajitokeze. Ukimnunulia mtu kama huyo wazuiaji watano wa dhahabu bila kumfundisha kuachia mpira, bado ataanguka.

Namna ya kutenganisha haya mawili si siri. Tafuta marudio ya picha ya nyuma ya uwanja, sahau mpira, na umtazame mzuiaji mmoja kwa sekunde 2.5 za kwanza. Hicho ndicho kigezo wanachotumia ESPN kuhesabu kama mzuiaji ameshinda pambano lake. Akipitwa kabla ya sekunde 2.5, kosa ni lake. Akipitwa kwenye sekunde ya 3.5, muulize kwotabeki, au waulize wapokeaji walioshindwa kuwatoroka wakabaji wao. Mvamizi akipita bila kuguswa na yeyote, usimlaumu mzuiaji haraka: hapo senta na kwotabeki hawakusoma vizuri nani anakuja, au kocha alipanga wazuiaji wachache. Tatizo hilo hutibiwa kwenye chumba cha video, na hakuna dola itakayolitibu.

Ishara moja ndiyo isiyo na utetezi. Wavamizi wakija wanne tu, wazuiaji ni watano, yaani kuna mtu mmoja wa ziada wa kumsaidia mwenzake. Ukuta ukivunjika hata hapo, tena robo baada ya robo, basi umezidiwa. Todd Bowles, aliyepanga ulinzi wa Tampa usiku ule, hakuhitaji kutuma wavamizi wa ziada isipokuwa mara chache. Alituma wanne na kuwabakiza saba nyuma wakabe, mabeki wawili wakikaa mbali ili Mahomes asirushe mipira mirefu. Ukiona timu yako inafanyiwa hivyo, nenda sokoni.

Chiefs walikwenda. Mwezi Machi 2021 waliwaacha wazuiaji wao wote wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, na wakaokoa takriban dola milioni 18 za nafasi ya mishahara. Mwaka ule hilo halikuwa jambo dogo: kwa sababu ya viwanja vitupu vya wakati wa korona, ukomo wa mishahara, yaani jumla ya juu ambayo timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, ulishuka kutoka dola milioni 198.2 hadi 182.5. Kisha wakamsajili gadi Joe Thuney kutoka New England kwa miaka mitano na dola milioni 80. Aprili wakampata Orlando Brown Jr. kutoka Baltimore: walitoa chaguo la 31, la 94 na la 136 katika drafti ya mwaka huo (zoezi ambalo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, na zamu hizo zinaweza kuuzwa) pamoja na la raundi ya tano la 2022, wakarudishiwa Brown, chaguo la 58 na la raundi ya sita la 2022. Kwenye drafti yenyewe walimchukua senta Creed Humphrey nambari 63, na gadi Trey Smith nambari 226, aliyeporomoka hadi huko kwa sababu aliwahi kupata damu iliyoganda mapafuni akiwa chuoni. Msimu ulipoanza, hakuna hata mmoja kati ya watano walioanza ile Super Bowl aliyekuwa bado na nafasi yake.

Angalia fedha zilikwenda wapi. Gadi alinunuliwa sokoni, senta na gadi mwingine wakatoka kwenye drafti kwa bei ya chini kabisa, na wa pembeni akalipiwa kwa machaguo. Mpangilio huo una mantiki ya soko. Wazuiaji wazuri wa pembeni karibu hawafiki kuwa wachezaji huru, yaani waliomaliza mkataba, timu zao huwafunga mapema. Anayefika huwa na dosari fulani, na bado utamlipa kama hana. Chiefs wenyewe walilionja hilo mwaka 2023 walipompa Jawaan Taylor miaka minne na dola milioni 80, akawa miongoni mwa wachezaji waliopigiwa filimbi nyingi kuliko wote msimu ule.

Magadi na masenta hufika sokoni kwa sababu ya kanuni moja ambayo watu hawaizungumzii. Timu inaruhusiwa kumzuia mchezaji mmoja asiondoke kwa kumlipa mshahara wa mwaka mmoja uliopangwa na ligi kwa nafasi yake. Kwa ukuta, ligi haitofautishi: senta, gadi na wa pembeni wote wana bei moja, na bei hiyo inavutwa juu na wa pembeni. Kumzuia gadi mzuri kwa njia hiyo ni kumlipa mshahara wa mtu wa pembeni, kwa hiyo timu nyingi humwachia aende. Chiefs walipomzuia Trey Smith mwaka 2025 kwa zaidi ya dola milioni 23, kabla ya kumpa mkataba wa miaka minne wa milioni 94, walifanya jambo ambalo timu nyingi huliogopa. Kwa hiyo, kama tatizo lako liko ndani, soko la wachezaji huru la Machi litakusaidia. Kama liko nje, tegemea drafti, na utafute kijana mwenye mkono wa sentimita 86 hivi au zaidi. Mwenye mkono mfupi mara nyingi huishia kuhamishiwa kwenye nafasi ya gadi.

Matokeo ya kazi ya 2021 yalionekana Februari 2023. Philadelphia Eagles waliingia Super Bowl wakiwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Siku ile hawakumwangusha Mahomes hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38-35.

Mtu angeishia hapo na kusema jibu ni ndiyo, nunua. Lakini Cincinnati Bengals nao walinunua. Kwotabeki wao Joe Burrow aliangushwa mara 51 katika msimu wa kawaida wa 2021, mara 9 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee Titans (ambayo walishinda, ajabu), na mara 7 kwenye Super Bowl waliyofungwa 23-20 na Los Angeles Rams. Machi 2022 wakawaleta senta Ted Karras, gadi Alex Cappa na wa pembeni La'el Collins, na kwenye drafti wakamwongeza Cordell Volson wa raundi ya nne. Wanne kati ya watano walikuwa wapya. Katika mechi mbili za kwanza Burrow aliangushwa mara 13.

Sababu kubwa ni kanuni za mazoezi. Katika programu ya majira ya kuchipua wachezaji hawaruhusiwi kuvaa pedi wala kugongana. Mpokeaji anaweza kujifunza njia zake bila pedi. Mzuiaji hawezi kujifunza kusukumana bila kusukumana. Pedi huja kwenye kambi ya mwisho wa Julai, tena kwa siku chache. Na kazi ngumu zaidi ya ukuta ni ya watu wawili kwa pamoja: wavamizi wawili wanapopishana, mmoja akikata ndani na mwingine akizunguka nje, gadi na wa pembeni lazima wabadilishane watu wao ndani ya nusu sekunde bila kusemezana. Huo ni uzoefu wa kukaa bega kwa bega. Anayenunua watu wanne kwa mpigo ajue Septemba itakuwa mbaya, na asimfukuze kocha wa ukuta kabla ya Novemba. Bengals walitulia, wakafika hadi nusu fainali.

Kilichowaangusha hapo ndicho ninachoona timu nyingi hukisahau zinapopanga bajeti. Collins alichanika goti mkesha wa Krismasi. Cappa aliumia kifundo mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Jonah Williams, wa pembeni kushoto, alitegua kilegesambwa mechi ya kwanza ya mtoano. Walipofika Kansas City Januari 2023, watatu kati ya watano hawakuwapo, Burrow akaangushwa mara 5, wakafungwa 23-20. Fedha zote za Machi zilikuwa zimeingia kwa watano wa kwanza.

Rudi sasa kwenye ile Super Bowl ya 2021 uitazame upya. Schwartz alikuwa nje tangu Oktoba kwa mgongo, na Mike Remmers alikuwa akicheza pembeni kulia badala yake. Kisha Fisher akakatika kano ya kisigino katika nusu fainali. Remmers akahamia kushoto, Andrew Wylie akatoka kwenye gadi kwenda pembeni kulia, na Stefen Wisniewski akaingizwa nafasi ya gadi. Mtu mmoja ameumia, nafasi tatu zimebadilika, na kila jozi kuanzia senta kwenda kulia ni ngeni. Hapakuwa na mtu wa sita anayeweza kuingia pembeni na kuwaacha wengine walipo.

Walirudia kosa hilohilo katika msimu wa 2024. Kingsley Suamataia, kijana wa raundi ya pili, alianza pembeni kushoto na kuondolewa mapema. Wanya Morris hakutosha. D.J. Humphries alisajiliwa mwishoni mwa Novemba, akaumia msuli wa paja. Desemba wakamtoa Thuney, mmoja wa magadi bora wa ligi, wakampeleka pembeni, na Mike Caliendo akachukua nafasi yake. Thuney alijitahidi, lakini hesabu ni mbaya: ulikuwa na tundu moja, sasa una mawili, na gadi wako bora hayupo kwenye gadi. Februari 2025 Eagles walituma wavamizi wanne mchezo mzima, wakamwangusha Mahomes mara 6 na kushinda 40-22.

Kwa hiyo nikiulizwa kama timu inunue ukuta mwaka huu, nauliza kwanza mtu wa sita ni nani. Namtaka awe wa pembeni, kwa sababu wa pembeni mara nyingi anaweza kuingia ndani kwa dharura, lakini gadi akitoka nje hukutana na wavamizi wenye kasi ambao miguu yake haikuzoea. Awe amecheza pande zote mbili. Na mtu wa saba awe gadi anayeweza kupitisha mpira kama senta. Ligi yenyewe inakusukuma huko: siku ya mechi unaruhusiwa kuwavalisha wachezaji 48 ukiwa na wazuiaji wanane, la sivyo ni 47. Nafasi ya bure, na bado timu nyingi huijaza na mtu ambaye wanaomba Mungu asiingie uwanjani.

Chiefs safari hii walilipia. Machi 2025 walimpeleka Thuney Chicago kwa chaguo la raundi ya nne la 2026, wakamsajili Jaylon Moore kutoka San Francisco kwa miaka miwili na dola milioni 30, kisha wakamchukua Josh Simmons nambari 32 kwenye drafti. Simmons akashinda nafasi ya kushoto, Suamataia akageuzwa gadi, na Moore wa milioni 30 akakaa benchi, jambo lililowaudhi waliokuwa wakihesabu dola. Oktoba Simmons aliondoka kwa wiki kadhaa kwa mambo ya familia. Moore akaingia kushoto, hakuna gadi aliyehamishwa kwenda pembeni, na mechi ya kwanza bila Simmons, dhidi ya Detroit Lions, ikaisha 30-17 kwa Kansas City.