Je, wajua kwa nini maandishi ya AR hayabanduki kwenye mwamba?

Tuseme umesimama Kolo, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, mbele ya michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Twiga mwekundu amefifia, humuoni vizuri. Unaelekeza simu yenye programu ya AR, yaani uhalisia ulioongezwa, na kwenye kioo mistari inaifuata shingo yake, jina likiwa pembeni. Unasogea hatua mbili kushoto. Mistari iko palepale. Simu imejuaje?

Kamera hutafuta vialama: ufa, doa, ncha ya jiwe. Hupiga picha kama 30 kwa sekunde na kuzilinganisha. Ukisogea, alama ya karibu huhama sana kwenye kioo, ya mbali huhama kidogo. Kwa tofauti hiyo simu hukadiria umbali. Vihisi vya ndani navyo hupima mamia ya mara kwa sekunde jinsi simu inavyogeuka na kusukumwa. Vina kasi, ila makosa yao hujilimbikiza, na kamera ndiyo huyasahihisha. Kwa hiyo mwamba wenye nyufa ni rahisi kwa simu kuliko ukuta mweupe wa ofisini au vigae vinavyong'aa.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuamua kipi kikae mwambani na kipi kibaki kwenye kioo. Jina la mchoro ni la mahali pale, likae pale, herufi zikimgeukia msomaji popote anaposimama. Kitufe cha kurudi nyuma kikining'inizwa hewani, ukigeuka tu hukioni tena, na mkono ulioinua simu unachoka ukikitafuta. Kiwekwe chini ya kioo, kidole gumba kinapofika. Na kama nyuma yako kuna mchoro mwingine, mshale mdogo ukingoni mwa kioo ukuelekeze.

Halafu kuna jua. Mchana wa Dodoma, herufi nyeupe humezwa na jiwe linalowaka. Nyeusi nazo hupotea kwenye kivuli cha pango. Herufi nyeupe juu ya kibao cheusi husomeka kote kuwili.

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa kwa mkono. Leo bado wapo watu wanaomwagia michoro ya miambani maji ili rangi ikolee kwenye picha, na hilo huiharibu. Mistari ya kwenye simu haigusi jiwe hata kidogo, na ndiyo maana natamani sana kazi hii ifanywe vizuri.

Hesabu za kufuatilia mwamba hufanyika ndani ya simu, bila bando. Kinacholiwa ni chaji, na saa saba mchana simu hupata moto upesi. Basi mgeni akifungua maelezo marefu, programu iizime kamera hadi amalize kusoma.