Dodoso la Soko Lisigeuzwe Chambo cha Kuuzia Bidhaa

Malalamiko yanayofika mezani kwetu siku hizi yanafanana mno. Mtu anapigiwa simu, anaombwa dakika 5 za "utafiti mfupi", anajibu kwa moyo mweupe, na jua halijazama simu yake imeshajaa matangazo ya kampuni ileile. Wafanyabiashara wengi tunaowaita hawana nia mbaya. Wanaamini kweli kwamba namba ya mteja ikishaingia kwenye dodoso imekuwa yao, waitumie watakavyo. Hapana. Mtu alikubali kuhojiwa, hakukubali kuuziwa. Kanuni za kimataifa za ICC (Chemba ya Biashara ya Kimataifa) na ESOMAR (jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa soko), ambazo chimbuko lake ni mwaka 1948, zinataka utafiti utenganishwe waziwazi na shughuli za mauzo.

Utaratibu ndio huu, na tunaomba ufuatwe kama ulivyo. Kabla ya swali la kwanza, mhojiwa aelezwe nani anafanya utafiti, kwa lengo gani, utachukua muda gani, majibu yatatunzwa wapi na kwa kipindi gani, na kwamba anaruhusiwa kuacha wakati wowote bila kutoa sababu. Jina na namba ya simu vikae kwenye jedwali moja, majibu kwenye jedwali jingine, na kiungo pekee kati yake kiwe namba ya utambulisho. Msimamizi awapigie tena baadhi ya wahojiwa kuhakiki kazi ya wadodosaji. Uhakiki ukiisha, jedwali la majina lifutwe, pamoja na nakala zilizobaki kwenye simu za wadodosaji, maana huko ndiko uvujaji mwingi hutokea. Ukitaka kumtafuta mtu huyo baadaye kwa matangazo, hiyo ni ridhaa nyingine: iombwe peke yake, na kisanduku chake kisitiwe alama kabla mwenyewe hajaitia.

Adhabu hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo kila biashara isome sheria inayoihusu. Kwa kipimo tu, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inaruhusu faini ya hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa.

Kuna dhana nyingine inayotuchosha: "Lakini sisi tuliwahoji watu 5,000!" Wingi peke yake hauokoi kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni 10 hivi kutabiri uchaguzi wa rais, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa kiasi kikubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati nchi imo katika mdororo mkubwa wa uchumi, na walio wengi hawakurudisha kadi. Sampuli nasibu, yaani ambayo kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, ya watu wapatao 384 kutoka kundi kubwa hutoa makadirio yenye tofauti ya asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukitaka tofauti ya asilimia 3, andaa watu 1,067 hivi. Kama wateja wako wote ni 500, watu 218 wanatosha kwa tofauti ya asilimia 5. Lakini dodoso ulilolibandika kwenye ukurasa wako wa mtandaoni linajibiwa na wanaokupenda na wanaokuchukia. Wa katikati hupita kimya, nao mara nyingi ndio wengi.

Kisha maswali yenyewe. Juzi nilisoma dodoso lililouliza: "Je, umeridhika na bei zetu nafuu na huduma yetu ya haraka?" Majibu ni mawili, ndiyo au hapana. Aliyependa huduma lakini akaona bei ghali ajibu nini? Na nani amesema bei ni nafuu? Swali limeshamjibia. Yafanye mawili: "Unaionaje bei ya bidhaa hii?" na "Ulisubiri muda gani kabla ya kuhudumiwa?" La pili halimuulizi hisia zake, linamuuliza kilichotokea, na hapo ndipo kumbukumbu ya mtu huaminika zaidi. "Je, utanunua?" huwapa watu nafasi ya kuwa na adabu. "Mara ya mwisho ulinunua lini?" huwapa nafasi ya kukumbuka.

Hata swali safi linaweza kupima kisichohitajika. Coca-Cola ilionjesha kinywaji chake kipya kwa watu karibu 200,000, ikakizindua Aprili 1985, na Julai mwaka huohuo ikakirudisha cha zamani kwa shinikizo la wanywaji. Kuonja kulijibu swali la ladha; mapenzi ya mtu kwa kinywaji alichokizoea hayapimwi kwa kikombe kimoja kidogo.

Ukimaliza kuandika, usikimbilie kusambaza. Wape watu 10 walio kama wateja wako, kaa pembeni, usiwasaidie. Kila anapoinua macho na kuuliza "hapa una maana gani?", tia alama kwenye swali hilo, uliandike upya usiku huohuo, na kesho yake uwape watu wengine 10.