Nischal Basnet: mwongozaji anayewapisha waigizaji

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na mhariri humjua mwongozaji kwa jambo ambalo mtazamaji hana haja ya kulijua: anamwachia mwigizaji muda gani kabla ya kuhamia picha nyingine. Mwongozaji mwenye wasiwasi hukata upesi, kana kwamba anaogopa watu wataondoka ukumbini. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza filamu ya Loot, iliyotoka Nepal Januari 2012, nilijua katika dakika chache kwamba aliyeiongoza hana wasiwasi huo, ingawa ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu ndefu. Jina lake ni Nischal Basnet, aliyesomea uongozaji papo hapo Kathmandu.

Uzito wa filamu hiyo hauonekani vizuri bila kujua ilikotoka sinema ya nchi hiyo. Filamu ya kwanza kwa lugha ya Kinepali, Satya Harishchandra, ilitengenezwa Kolkata, India, mwaka 1951, na ilibidi Wanepali wasubiri hadi 1964 ndipo serikali yao ilipotoa Aama, iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa nchini mwao. Tangu hapo kivuli cha Bombay, mji wa filamu za Kihindi, hakikuondoka: nyimbo kati ya miti, ngumi zenye mlio wa mbao, steringi asiyekosea na adui anayecheka peke yake. Vita vya ndani vya kuanzia 1996 hadi 2006 viliwafanya watu wengi wakae majumbani, na kumbi za mjini zilipochangamka tena, filamu za Kihindi zilikuwa tayari zimekalia nafasi kubwa.

Loot iliingia hapo na habari ya wanaume watano wa Kathmandu wanaokusudia kuiba benki. Kiongozi wao anaitwa Haku Kale, na jina hilo pekee linatosha kuonyesha jinsi filamu inavyousikiliza mji wake: kwa Kinewari, lugha ya wenyeji wa bonde la Kathmandu, "haku" ni -eusi, na kwa Kinepali "kale" ni jina la utani la mtu mweusi, kwa hiyo mtu huyu ameitwa jambo lilelile mara mbili kwa lugha mbili za mtaa mmoja. Sehemu kubwa ya mwanzo inatumika kuwafahamisha kwetu watu hawa, kila mmoja na shida yake ya pesa, wakizungumza Kinepali cha vijiweni na matusi yake. Mtayarishaji mwoga angeamuru nusu ya hayo yafutwe ili tufike benki mapema. Lakini ni kwa sababu tumekaa nao muda mrefu ndipo usaliti wa Haku Kale unatuuma, maana anawaacha wenzake wanne mikononi mwa polisi na kutokomea na pesa.

Nimewahi kusikia watu wakiusifu mswada wa filamu hiyo na kuishia hapo. Mimi naona siri yake kubwa ni uchaguzi wa waigizaji. Saugat Malla, aliyecheza Haku Kale, alitoka Gurukul, kundi la tamthilia lililoanzishwa na Sunil Pokharel. Dayahang Rai naye ni mtu wa jukwaani, mmoja wa waanzilishi wa Mandala Theatre. Watu wa jukwaa wamezoea kubeba tukio zima bila kukatwa, nao humpa mhariri kitu cha thamani sana, yaani uso unaoendelea kufanya kazi hata mwenye uso huo asiposema neno. Mwongozaji aliyepata nyuso za namna hiyo anaweza kutulia. Baada ya Loot, waigizaji wa tamthilia waliokuwa wakijulikana na wapenzi wachache wa jukwaa wakawa ndio wanaoitwa katika filamu baada ya filamu, na wengi huihesabu kazi hiyo kuwa mwanzo wa wimbi jipya la sinema ya Nepal.

Filamu ya pili ya Basnet, Talakjung vs Tulke ya 2014, ndiyo niipendayo zaidi, japokuwa haikuzungumzwa mitaani kama ya kwanza. Iliandikwa na Khagendra Lamichhane, ambaye pia ndiye mwigizaji wake mkuu, kwa kuifuata hadithi ya Lu Xun wa China kuhusu Ah Q, yule fukara anayejifariji kwa kudai kwamba ukoo wake ulikuwa bora kuliko wa wanaomdharau. Hapa fukara ni Tulke, mtu wa kutumwatumwa kijijini wakati wa uasi wa Wamao, yaani wakomunisti walioanzisha vita vile vya ndani, anayetaka aitwe Talakjung, jina lenye heshima. Kijiji kinamwita Tulke tu. Ugomvi wote wa filamu umo katika majina hayo mawili, na Basnet anauacha ukae usoni mwa Lamichhane bila kuusukuma kwa muziki wa kuliza. Nepal iliichagua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar za awamu ya 88, kundi la filamu za lugha ya kigeni, ingawa haikufika katika tano za mwisho.

Alirudi kwa wezi wake mwaka 2017 na Loot 2, na watu walifurika kumbini siku ya kwanza. Mimi sikuridhika. Sehemu ya pili inajua mno kwamba Haku Kale amekuwa kipenzi cha watu, na mhusika anayejua anapendwa huanza kujionyesha.

Katika filamu hizo tatu hakuna ambayo Basnet alijipa nafasi ya steringi. Hilo halikuwa jambo la lazima: kabla yake Tulsi Ghimire, mwongozaji mashuhuri wa miaka ya 1980 na 1990, aliigiza pia katika baadhi ya filamu alizoongoza mwenyewe. Basnet uigizaji wake ameupeleka kwa wengine. Katika Kabaddi ya 2014, iliyoongozwa na Ram Babu Gurung huko Mustang, wilaya ya milimani ya Nepal, yeye ni kijana wa mjini anayeingilia kati ya Bir Kaji, aliyechezwa na Dayahang Rai, na binamu ambaye Bir Kaji anaamini kwamba kwa mila ni haki yake kumwoa. Nafasi kama hiyo ni rahisi kuiharibu kwa kujitia ubishoo. Basnet anaicheza kwa upole wa mgeni, na ule ukaidi wa Bir Kaji unachekesha zaidi kwa sababu mpinzani wake hachokozi.

Katika Prasad ya 2018, chini ya uongozi wa Dinesh Raut, amekuwa adui. Bipin Karki na Namrata Shrestha ni mume na mke wa matabaka tofauti waliotoroka ili waoane, na sasa hawajapata mtoto. Basnet ni mhuni wa mtaani anayemwandama mke. Karki anaigiza kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, na adui mwenye makelele angemfunika kabisa. Ninapoyatazama matukio yao kwa jicho la mhariri, namwona Basnet akisubiri. Anamwacha mwenzake amalize, hata kimya chake, ndipo naye anasogea.